Mwaka wa Drili ya Shingo

Fundi Salumu alizikwa Kilosa baada ya swala ya adhuhuri, na mimi nilifika kutoka Mikumi wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini. Nikakaa na akina mama mkekani, nikapewa sahani ya pilau ambayo sikusikia ladha yake, nikawa nasikiliza maneno ya upande wa pili wa turubai. Wanaume walikuwa wanamsifu marehemu kama wanaume wanavyosifiana: alipanda nguzo ambazo wenzake walizitazama tu, alishika kazi zilizowashinda wengine, na woga kwake ulikuwa haupatikani hata kwa dawa. Kila aliyesema hivyo aliitikiwa. Nilipoinua uso nikamwona Hoseya, fundi mwenzangu wa zamani, amesimama kwenye kona ya turubai, ananitazama mimi na si wasemaji. Alikuja kunisalimia kwa mkono wa kushoto. "Unisamehe kwa huu mkono, dada Perisi," akasema, kama anavyomwambia kila mtu tangu mwaka ule, kwa sababu wa kulia haufungi vizuri wala haufunguki, na kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto bila kuomba radhi ni kumdharau. Nikaushika. Yeye na mimi ndio tuliobaki tunaoujua mwaka ule kwa ndani, lakini hatukuuzungumza pale msibani. Nilirudi Mikumi jioni ile, na kwa wiki nzima sasa nimekuwa nauota.

Ya nyumbani kwetu Lumuma nitayaacha, hayahusiki hapa. Inatosha kusema nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu cha umeme, na katika mafundi wote niliowaendea Kilosa kuomba kazi, Salumu peke yake ndiye hakunicheka. Wengine waliniuliza kama ninajua kupika. Salumu alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na kofia yake nyeupe sikuwahi kuiona ina doa hata baada ya siku nzima ya kutoboa kuta. Yeye aliniuliza kama ninajua kunyamaza. Nikasema ninajua. "Basi njoo kesho na viatu vya kufunga," akasema. Tukawa watatu: yeye, Hoseya na mimi.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa nyumba ya Mzee Stefano, upande wa Masanze, kwenye barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi ambayo wakati ule ilikuwa vumbi tupu. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, ya enzi za mameneja wa shamba la katani, na Mzee Stefano, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa ameinunua ikiwa na popo kila chumba, anataka iwe nyumba ya wageni. Sakafu ya juu ilikuwa ya mbao, imelazwa juu ya boriti nene za mvule zilizopangwa karibu karibu, kiasi kwamba ukiingiza kichwa kati ya mbili masikio yanagusa pande zote. Dari lilikuwa limeshabomolewa, kwa hiyo ukisimama sebuleni ukiangalia juu unaziona zote, nyeusi, zimejipanga kutoka ukuta hadi ukuta. Kila moja ilitakiwa itobolewe ili bomba la waya lipite. Drili ya kawaida ni ndefu, haiingii katika nafasi kama ile. Inatakiwa ile ambayo kichwa chake kimekaa pembeni kama goti lililokunjwa, yenye mwili mzito na mpini mrefu. Sisi tuliiita drili ya shingo. Tuliiendesha kwa jenereta iliyokaa nje chini ya dirisha, na waya wake ulipita dirishani hadi kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni karibu na mlango. Jenereta ile ilipokuwa inanguruma, mtu angeweza kuingia sebuleni na ng'ombe wake wote usimsikie.

Mzee Stefano alikuwa mtu wa kanisani, wa misheni hasa, aliyezaliwa milimani na kulelewa kwa kengele. Salamu kwake ilikuwa kitu kizito kuliko kazi yenyewe. Shikamoo ilitakiwa itolewe na mtu aliyesimama wima, aliyeacha anachofanya, anayemtazama usoni kisha anateremsha macho. Na isitoke juu. Mtu aliye juu ya ngazi hamsalimii mkubwa aliye chini, anashuka kwanza, na kama hawezi kushuka basi ainame mpaka kichwa chake kikaribie. Mwanzoni mwa mwaka palikuwa na fundi wa plasta, kijana wa mjini, aliyemwambia "Shikamoo mzee" huku anaendelea kupiga ukuta juu ya ngazi. Mzee hakuitikia. Alisimama pale mpaka kijana akageuka, akamwambia kwa upole kabisa akusanye mwiko na ndoo zake. Tulimwona akiondoka na baiskeli kuelekea Kilosa, ndoo inagonga gonga nyuma. Salumu alituita pembeni, akasema, "Mmeona. Hapa adabu kwanza, umeme baadaye." Hakuwa na haja ya kutuambia, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa adabu kupita sisi wote.

Hoseya aliumia mwezi wa masika. Drili tuliyokuwa nayo Salumu aliipata kwa mtu Morogoro, ilikuwa nzee lakini ina nguvu za ajabu, na mtu wa kuishika alikuwa Hoseya kwa sababu ndiye mwenye kifua. Biti lake, kile chuma kinachotoboa, lilikuwa na parafujo mbele, linajivuta lenyewe ndani ya mbao, na kitu kimoja tu kilikuwa kinalisimamisha: msumari. Boriti zile zilikuwa zimechomekwa misumari miaka na miaka, vichwa vimekatika, miili imebaki ndani, huwezi kuiona wala kuipapasa. Siku ile nilikuwa nimesimama chini nikimpitishia bomba. Sauti ya drili ikazama ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Biti likiwa limekamatwa haliwezi kuzunguka, basi kinachozunguka ni drili yenyewe, na mpini ukageuka na mkono wa Hoseya ukiwa juu yake, ukaubana kwenye boriti ya pili. Nilisikia mfupa. Miaka yote hii sijapata cha kuufananisha nao mlio ule, na sitaki kupata. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba drili haikunyamaza. Swichi ilikuwa imefungiwa kwa kile kitufe cha pembeni ili kidole kisichoke, kwa hiyo drili iliendelea kusukuma, mkono ukiwa katikati, Hoseya anapiga kelele, mpaka Salumu akakimbia nje akazima jenereta. Drili iliungua palepale, ikatoa moshi. Tulimpeleka hospitali Kilosa kwa pikapu ya Mzee, mkono wake umelazwa mapajani mwangu juu ya khanga ya Mama Loi, mke wa Mzee. Njia nzima sikuutazama hata mara moja.

Baada ya hapo tukawa wawili, na nyumba ikawa na ukimya ambao sikuupenda. Mama Loi alitupikia kama kawaida, ugali na mlenda, siku nyingine wali wa Kilosa na maboga, na alikaa nasi jikoni akihimiza kula. Nilikuwa natafuna tu. Nilikuwa najua, bila mtu kuniambia, kwamba wa kuishika drili ijayo ni mimi. Salumu alikuwa na bega bovu kutoka zamani, halipandi juu ya sikio, na mtu mwingine hakuwepo. Nililala chumba kilichopakana na baraza, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa mnene lakini mlango ulikuwa umeliwa na mchwa, hivyo jioni moja nikamsikia Mzee Stefano anauliza, "Na huyu binti, ataiweza hiyo mashine?" "Ataiweza," Salumu akasema. Mzee akasema, "Mkono wa yule kijana wameniambia hautarudi kama ulivyokuwa. Nisingependa la pili litokee nyumbani kwangu." Salumu akajibu kwamba halitatokea. Nilijaribu kuisikiliza sauti yake kama ina hakika, nikashindwa kuamua. Nikakaa kitandani naiangalia mikono yangu, nafungua vidole na kufunga.

Nilitegemea Salumu mwenyewe ataenda kununua drili nyingine. Badala yake aliniita asubuhi, akanipa fedha ya Mzee imefungwa kwenye leso. "Nenda Mikumi," akasema. "Kuna Mangi pale barabara kuu anauza vifaa vilivyotumika, vinaletwa na malori. Atakayeishika ndiye akaichague. Ila nisikilize, Perisi. Hizi boriti ni za mvule, siyo mbao za msonobari. Niletee iliyo kali." Nikaitikia. Lakini neno lile nilisafiri nalo njia nzima likinikaa kooni. Vijana siku hizi wakisema kitu ni kali wanakisifu tu, na hata wakati ule ilikuwa imeanza. Kwangu mimi siku ile kali ilikuwa kali ya mbwa. Nilikuwa naenda kununua, kwa fedha taslimu na kwa kuchagua mwenyewe, kitu kitakachoning'ata.

Mikumi nilifika na njaa ambayo haikutaka chakula. Nikaingia mgahawani karibu na maegesho ya malori, nikaagiza supu na chapati, nikawa nazungusha kijiko. Meza ya jirani walikuwa madereva wawili wa malori ya kwenda Zambia, na mmoja alikuwa anasimulia jinsi jeki ilivyoteleza mahali fulani mbele ya Ruaha, utingo akiwa chini. Hakumalizia ilikuwaje. Alisema tu, "Mashine haina ubaya na mtu. Haikujui, basi." Mwenzake akaguna, wakaendelea kula. Maneno yale yalinitia baridi mgongoni kuliko kama angesema mashine ni shetani. Nililipa nikaiacha chapati nusu, na hiyo siyo tabia yangu.

Mangi alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na duka lake lilikuwa na harufu ya grisi na mipira. Drili za shingo alikuwa nazo mbili, zote za waya, zote nzito. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, bado inang'aa, nyepesi kidogo kuliko mwenzake. Ya pili ilikuwa na rangi ya majivu, imechubuka, na karibu na shingo ilikuwa na pete ya chuma ambayo nyekundu haikuwa nayo. "Chukua hii nyekundu, dada," Mangi akasema. "Hii kali. Hii hata chuma inatafuna." Nikamwuliza ile ya majivu ina nini. "Hiyo nzuri pia, ila ina klachi. Ikikutana na kigumu inajiachia. Mafundi wengi hawaipendi." Nikaigeuza, nikaitazama ile pete. Chuoni tuliwahi kuambiwa habari za klachi ya drili, kwa dakika moja, mwalimu akiwa na haraka. Nikamwomba Mangi anijaribishie nyuma ya duka. Akaleta gogo la mninga, nami nikaomba msumari mrefu na nyundo, nikaupigilia mpaka ukazama wote. Mangi akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Dada, watu wanakuja kununua drili ya kutoboa, wewe unatafuta ya kushindwa kutoboa?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo hasa ninayoitafuta.

Nyekundu niliishika kwa mikono miwili, nimepanua miguu, gogo limekaliwa na kijana wake wa duka aliyenenepa kama yeye. Ilipoufikia msumari ilininyang'anya. Siwezi kusema vingine. Ilitoka mikononi mwangu ikajizungusha, ikapiga gogo, ikapiga chini, na kama nisingekuwa nimeiacha ningekuwa na mkono kama wa Hoseya. Mangi akachomoa waya haraka, hacheki tena. Nikaenda pembeni nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko. Kisha nikaishika ya majivu. Nilifumba macho, ni kweli, nilifumba. Ilipoufikia msumari ilitoa mlio mkavu, trrrr, mota ikawa inazunguka na biti limesimama, na mpini ukanisukuma kiganjani kama ndama anayesukuma kiwele, basi. Nikafumbua macho. Nikairudia tena na tena mpaka Mangi akasema nitamharibia biti. Nikainunua ile. Nilijua nimeagizwa kali na ninarudi na pole, na hilo nalo lilinitisha, lakini ilikuwa hofu ninayoweza kulala nayo.

Salumu aliipokea, akaipima uzito, akasifu shingo yake. Tukaiwasha. Nilipanda mwenyewe kwenye jukwaa la mbao, nikatoboa boriti ya kwanza bila shida, ya pili pia. Ya tatu ikagonga msumari, klachi ikalia. Nilishusha pumzi, karibu nicheke. Chini Salumu alikuwa amekunja uso. "Hii inateleza," akasema. Nikamweleza kwamba ndiyo kazi yake, kwamba ile ni klachi, inaachia ili mkono usivunjike. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. "Perisi," akasema, "klachi inayoteleza ni klachi iliyokwisha. Muulize dereva yeyote." Nikasema klachi ya gari na hii si kitu kimoja. Akasema, "Sawa," na aliposema sawa mimi nikaamini tumeelewana. Ikapita wiki. Kila msumari trrrr, natoa biti, nasogea pembeni kidogo, natoboa upya. Kazi ilienda polepole na Salumu alikuwa anatembea chini akihesabu boriti zilizobaki kwa kidole, midomo inacheza. Mzee alikuwa ameshaanza kuuliza wageni wataingia lini.

Siku moja mchana tulikuwa jikoni kwa Mama Loi, ugali na dagaa, na Salumu alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Hoseya aumie. Alimaliza tonge, akalamba kidole, akasema, "Ile klachi nimeiponya." Nikauliza ameiponyaje. Akaeleza kwa ufasaha, kama fundi anavyoeleza kazi iliyompendeza: asubuhi na mapema alifungua pete, akakuta springi zimechoka, akakata kipande cha bati, akakikunja, akakibananisha nyuma yake. "Nimeijaribu. Haitelezi tena. Imekuwa mashine." Tonge lilinikwama. Mama Loi akanisogezea maji, akaniuliza kama dagaa wana mwiba. Nilikunywa, nikamtazama mtu yule aliyenipa kazi wakati wengine wananicheka, aliyeketi pale akiwa ameridhika, na nikamwogopa kama nilivyoiogopa ile drili nyekundu. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa tu hajui, na alikuwa bosi wangu.

Tuliporudi sebuleni aliniletea drili mkononi. Nikaweka mikono nyuma. "Sipandi nayo," nikasema. Aliuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo ya chuoni, springi na gia, lakini kilichotoka ni, "Naogopa." Neno lile lilikuwa halijatamkwa katika nyumba ile tangu masika. Salumu akaigeuza drili, akanionyesha pete. "Unaogopa nini? Nimeitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe." Nikasema, "Toa bati, fundi, nitapanda sasa hivi." Nilidhani atakasirika, anirudishe kwetu, na sikujua ni nani mwingine angenipokea. Hakukasirika. Alivua saa akaiweka mfukoni, akasema, "Basi angalia," akapanda jukwaani polepole na lile bega lake bovu, drili imening'inia begani kwa waya.

Mimi sikusimama kuangalia. Nilienda nikachuchumaa karibu na mlango, penye ekstensheni, nikaweka mkono juu ya plagi. Nilikuwa namkumbuka Hoseya na ile drili isiyonyamaza, na jinsi sote tulivyosimama mbali na umeme. Jenereta ilikuwa inanguruma dirishani. Salumu aliingiza kichwa kati ya boriti, akafungia swichi, biti likaanza kula mbao, unga mwekundu ukawa unamwagikia kofia yake. Kiganja changu kilikuwa kimelowa jasho mpaka nikaogopa plagi itaniponyoka. Hapo kivuli kikapita juu yangu, na Mzee Stefano akaingia. Alinipita, akaenda kusimama katikati ya sebule, chini kabisa ya jukwaa, mikono nyuma, akainua uso. Alikuwa anasubiri shikamoo yake.

Nilitaka kumpigia Salumu kelele asigeuke, lakini jenereta ingeimeza sauti yangu. Salumu akamwona. Nilimwona akimwona. Mtu mwingine angejifanya amezama kazini, lakini Salumu alikuwa Salumu. Mkono wake wa kulia ukaachia mpini, ukaja kifuani, akaanza kuinama chini kwa upande ili kichwa chake kikaribie, drili ikiwa imebaki kwenye mkono wa kushoto tu, imefungiwa, inazunguka, na uso wake umegeukia kwa Mzee umeshavaa tabasamu la salamu. Sauti ya mota ikazama. Niliitambua. Nikavuta plagi kwa nguvu hata nikaanguka chali, na katika kuanguka nikasikia mpini ukigonga boriti kwa juu, mara moja, kishindo kifupi. Kisha ikawa jenereta tu.

Nilipoinuka Salumu alikuwa hajasogea. Mpini wa drili ulikuwa umesimama shavuni mwake, umegusa ngozi, na nyuma ya kichwa chake kulikuwa na boriti ya pili. Alijaribu kuusukuma kwa mkono, haukutikisika. Biti lilikuwa limekabwa kabisa ndani. Alilazimika kutoa kichwa chake pole pole kwa pembeni, kama mtu anayetoka kwenye mtego, na kofia ikabaki juu, imebanwa. Sikuwahi kumwona bila kofia. Alikuwa na kipara kidogo utosini, na kwa sababu nisiyoielewa hicho ndicho kilichonifanya nianze kulia. Mzee Stefano alitazama juu, akanitazama mimi na plagi yangu, akatazama juu tena. "Shikamoo, mzee," Salumu akasema, sauti kavu. "Marahaba," Mzee akajibu taratibu. "Kuna nini?" Salumu akakaa chini kwenye mbao za jukwaa, miguu ikining'inia, na nikaona magoti yake yanatetemeka ndani ya suruali, yote mawili, hayaachi. Akayashika kwa mikono, yakaendelea. "Perisi," akasema bila kunitazama, "nishikie ngazi. Na usiniharakishe. Mimi huku juu huwa naogopa." Nikamshikia. Alishuka kwa kupapasa kila kipago kwa mguu kabla ya kukikanyaga, na nikaelewa kwamba ndivyo alivyokuwa akishuka siku zote, ila mimi nilikuwa nadhani ni umakini.

Jioni ile aliifungua drili mbele yangu kwa bisibisi, akatoa bati lake, akalitupa nje ya dirisha. Hakuomba msamaha wala hakunishukuru, na mimi sikuhitaji. Asubuhi nilipanda. Nilikuwa naogopa kama jana yake, pengine zaidi, kwa sababu sasa nilijua kwamba hata aliyenitangulia alikuwa anaogopa na hakuna mtu juu yetu asiyeogopa. Nilipotazama chini nilimwona Salumu amechuchumaa mlangoni, mkono juu ya plagi. Tukafanya boriti mbili hivyo. Ya tatu nikiwa nimeshaweka biti, Mzee Stefano akaingia, akasimama palepale alipozoea, mikono nyuma. Mimi nikakaza mikono yangu miwili kwenye mpini na sikugeuka. Salumu naye hakuinuka. Mtu yule ambaye sijawahi kumwona anamsalimia hata mtoto akiwa ameketi, alibaki chini, kiganja kwenye plagi, akainua uso tu, akapaza sauti kuishinda jenereta: "Shikamoo, mzee. Utuwie radhi, sisi wote wawili hatuwezi kuachia." Mzee aliutazama mkono wake juu ya plagi, akanitazama mimi huku juu. Kisha akasogea pembeni, akaegemea ukuta. "Marahaba," akapaza sauti naye. "Kaa hapo hapo, fundi." Nikabonyeza swichi.